Injini ya Zamu

Juzi kijana wa jirani kaifungua pikipiki yake barazani kwangu, hapa Madungu, Chake Chake, kaitandaza vipande vipande juu ya gunia, na harufu ya mafuta ya taa yanayooshewa chuma ikaingia ndani mpaka jikoni. Nilikuwa nakuna nazi. Nikaacha kukuna, nikakaa pale pale juu ya mbuzi na kifuu mkononi, hata mwanangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Kweli sikuwa naumwa, lakini harufu ile haijawahi kunipita bure. Wanangu sijapata kuwahadithia. Nitakuhadithieni nyinyi, maana nyinyi hata mkinicheka sitawaoneni.

Nilikuwa mtoto mwenye wivu. Sisemi wivu wa kitoto, wa kunyang'anyana kipande cha muhogo. Nasema wivu wa kukaa nao, wa kuamka nao asubuhi na kupiga nao mswaki.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa pampu za maji. Wiki moja alizunguka visima vya kusini, akilala kwetu Madungu, kwa Mama. Wiki ya pili alipanda gari la abiria kwenda kaskazini, akilala Konde kwa Bi Sada, mke wake wa pili. Mama alizoea kusema kwamba si Baba aliyeoa tena, ni pampu zilizomwoza. Watu walicheka, na yeye alicheka nao, lakini mimi niliyekuwa nikila naye sahani moja nilijua kwamba wiki ya Konde mkono wake ulikuwa mzito kwenda kinywani.

Bi Sada alikuwa na mtoto mmoja tu, Raya. Nilimzidi miezi minne. Miezi minne, hebu fikirini! Hata utamu wa kuwa peke yangu sikuwahi kuuonja. Nilikuwa bado sijajua kukaa, tayari pana mwengine anaitwa mwanangu huko Konde.

Lazima nimtendee haki Baba, kwa sababu yeye haki ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi. Akinunua khanga alinunua doti mbili za jina moja na rangi moja, ili pasiwe na maneno. Nguo zetu za sikukuu, mimi na Raya, zilikatwa katika jora moja na kushonwa na fundi mmoja. Hata nikipigwa kofi kwa utundu wangu, nilijipoza kwa kutumaini kwamba na Konde wiki ijayo kuna mtu atapigwa lake.

Basi siku moja Baba akaleta injini nyumbani. Ilitoka kwenye pikipiki kuukuu la Kiingereza, la silinda moja, lililoachwa na bwana mmoja wa kilimo kabla ya Mapinduzi. Lilikaa bandani kwa mwenye shamba mmoja miaka na miaka, kuku wakitaga chini ya tangi lake, mpaka yule mwenye banda akamwambia Baba alichukue bure, mradi aliondoe. Baba alilipenda tangu siku ile. Alisema akilifufua hatangoja tena magari, na mtoto wake akiugua Konde au Madungu atafika kabla ya uji kupoa.

Injini haijamaliza hata siku mbili chini ya kitanda cha Mama, habari ikafika Konde. Bi Sada akatuma salamu kwa dereva wa gari. Maneno yenyewe nayakumbuka, kwa sababu Mama aliyarudia mtaa mzima: "Mwambieni mume wangu, nasikia kaoa wa tatu na kamweka Madungu. Haya, mabruki. Basi na huyo naye apewe zamu."

Ilikuwa mzaha. Watu wote walijua kuwa ni mzaha isipokuwa Baba. Yeye alicheka kidogo, kisha akashika ndevu. Asubuhi yake akatoa hukumu: pikipiki litatengenezwa nyumba zote mbili.

Fundi mwengine angeimaliza kazi ile kwa wiki mbili. Baba ilimchukua tangu Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, mpaka Ramadhani. Kiunzi na magurudumu vilikaa Konde. Sehemu ya chini ya injini, ile nzito, ilikaa kwetu. Na kichwa cha injini, kwa kuwa ndicho chenye kazi nyingi, kilisafiri naye kila wiki, kimeviringishwa kitambaa ndani ya pakacha, juu ya mapaja yake, abiria wakidhani anampelekea mkwewe papai. Kila spana aliyoitaka ilikuwa kwa mke mwengine. Ringi za pistoni alizisahau Konde, akazifuata, akarudi nazo, akakuta kasahau mafuta ya kuzipakia. Mama alikuwa akimtazama anavyopekua pekua, akisema, "Mie simo. Ulizia kwa mwenzangu."

Sasa, kichwa kile kilikuwa na valvu mbili. Baba alitueleza mimi na Raya, kila mmoja kwa wakati wake: moja ni mlango wa kuingizia pumzi, nyengine ni mlango wa kutolea moshi, na milango hiyo ikifungwa lazima ibane kabisa, la sivyo injini haina nguvu. Ili ibane, husagwa. Unapaka unga wa kusagia, ule mweusi unaokwenda na mafuta, unaikalisha valvu mahali pake, unashika kijiti chenye kipande cha mpira mbele, kisha unakipekecha baina ya viganja, nenda rudi, nenda rudi, mpaka chuma kitoe duara moja la kijivu lisilokatika. Ni kazi ya subira tu. Baba, kwa haki yake, akaigawa: ya moshi akanipa mimi, ya pumzi akampa Raya.

Nilifurahi siku tatu. Siku ya nne nilizipima zote mbili kwa vidole nikaona ya Raya ilikuwa pana kuliko yangu.

Nilimwendea Baba nikamwuliza kwa nini. Akaniambia ndivyo zilivyoundwa, pumzi inataka mlango mpana. Nikamwuliza kwa nini mlango mpana akapewa Raya. Akasema, "Mwanangu, Salha, hicho ni chuma." Lakini mimi sikuona chuma. Niliona yule mtoto alivyokaa Konde kapewa fungu kubwa, na mimi niliyetangulia kuzaliwa nimeachiwa mlango wa moshi.

Tangu hapo nilipekecha kwa hasira. Na hasira haisagi vizuri. Niliukandamiza mkono, nilikimbiza kijiti, unga ukamwagika pembeni, duara langu likawa linakatika hapa na pale. Wiki ya Konde nilikaa nikimfikiria Raya anavyopekecha polepole karibu na goti la Baba, na Baba anavyomwambia "ee, hivyo hivyo", na chakula kilinishinda kama kinavyomshinda Mama.

Ramadhani ilipofika kati, Baba alifanya kosa. Katika maisha yake yote ya kupima na kugawa, sikumwona kufanya jengine kama hilo. Hesabu ya zamu ilionyesha kuwa sikukuu itaangukia kwetu, na Raya ataletwa Madungu kula sikukuu nasi. Baba akasema pikipiki litawaka siku ya mosi, na atatupakia kwenda uwanja wa sikukuu, mmoja kwenda na mmoja kurudi. Nani kwenda, nani kurudi? "Mwenye valvu isiyovuja ndiye wa kwenda," akasema.

Mtu mzima atasema kwenda na kurudi kuna tofauti gani. Basi hajawahi kuwa mtoto Chake Chake. Kwenda ndiko kuliko na watu: nguo bado mpya, wanja bado haujachuruzika, mtaa mzima uko nje unatazama. Kurudi unarudi na vumbi na tumbo limejaa ubuyu, nani akutazame?

Namna ya kujua kama valvu inavuja ni kukigeuza kichwa cha injini, kumimina mafuta ya taa juu ya valvu, na kungoja. Baba alirudi kutoka Konde siku ya Jumatano, wala hakuvua kofia. "Ya Raya nimeimiminia, haikutoa hata tone," alimwambia Mama, na furaha ilimjaa usoni. Ijumaa asubuhi akaimiminia yangu. Mafuta ya taa siku zile ni ya foleni, tulikuwa nayo kidogo chini ya chupa. Tuliinama wote wawili tukitazama. Tone likajikusanya chini ya valvu yangu, likaning'inia, likadondoka. Kisha la pili.

Baba akanipapasa kichwa. "Si haba," akasema. "Inatosha kuwaka. Basi Raya atakwenda, weye utarudi." Akenda kukoga, akavaa kanzu, akenda msikitini. Mama alikuwa kwa jirani akipeta mchele.

Nilibaki na kile kichwa cha injini. Nilikuwa nimefunga, tena saumu kamili, na nilijivunia hiyo saumu kuliko kitu chochote. Nawaambieni ukweli: sikutaka tena kushinda. Nilitaka na Raya avuje.

Uani kwetu palikuwa na mahali pa kusugulia masufuria, na pembeni pana kifuu cha mchanga na makumbi ya nazi. Sufuria hata iwe nyeusi vipi, ukiikamata kwa mchanga na kumvi, zile nyuzi za kumbi, inakwisha maneno. Nikachota mchanga, nikautia chini ya valvu ya Raya, nikakamata kijiti nikapekecha. Ulilia mlio mbaya, wa meno kutafuna changarawe. Nilipekecha mpaka viganja vikawaka moto. Kisha nikafuta kwa kitambaa, juu juu, nikakirudisha kichwa kama kilivyokuwa, nikanawa mikono, nikakaa kizingitini kumngoja Baba.

Nilimngoja ajue. Hilo nataka mlifahamu. Nilikuwa na hakika atamimina mafuta tena, ataona tone la Raya, atasema basi wote sawa, na mambo yatakwisha. Lakini chupa ilikuwa imekauka, na Baba alikuwa na njaa na kiu, na Raya kwake alikuwa kashapasi. Akazitia springi zote mbili, akafunga nati, akakikalisha kichwa juu ya silinda. Kila nati aliyoikaza nilifungua mdomo kusema, na kila mara nilimwona Raya juu ya pikipiki, nikaufunga.

Raya alikuja siku ya kutazamia mwezi, na kiunzi kikaja juu ya gari lile lile. Alilala kitandani kwangu. Mama akamsuka yeye kwanza, kwa sababu ni mgeni, akampaka mafuta yangu ya nazi. Nilikaa nikihesabu kila unywele.

Asubuhi, baada ya sala, mtaa mzima ulikuwa mlangoni kwetu. Baba kavaa kanzu mpya, kaikunja mpaka kiunoni. Raya akapandishwa nyuma, nguo yake ya zambarau kaibana magotini. Mimi nilisimama chini na ya kwangu ya zambarau ile ile. Baba akakanyaga mara moja, mara mbili. Mara ya tatu injini ikakohoa, ikatema moto kwenye kabureta, pu! Raya akaruka chini akapiga kelele, na watoto wakaangua kicheko. "Raya kapanda punda!" wakasema.

Lahaula, jinsi nilivyoburudika! Ile furaha naikumbuka vizuri, sitaki kudanganya. Kisha Baba akakanyaga tena, ikawaka, ikanguruma kidogo tu, na ndani yake nikausikia ule mlio wangu, wa changarawe. Uso wa Baba ukabadilika. Akaizima pale pale, lakini ilikuwa imeshachelewa.

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda uwanjani. Baba akachukua spana akakifungua kichwa, kanzu yake ingali mwilini. Akatia kidole, akakitoa, akakitazama kwenye mwanga. Mchanga ulikuwa umevutwa ndani pamoja na pumzi, na silinda ilikuwa imekwaruzwa juu mpaka chini, na silinda kama ile wakati ule hukuipata Pemba wala Unguja. Jirani mmoja akamwuliza kulikoni. Baba akajibu, "Kosa langu. Nimekosea mwenyewe." Akaosha mikono, akanishika mimi mkono wa kulia, Raya mkono wa kushoto, tukenda uwanja wa sikukuu kwa miguu. Alitununulia kila kitu viwili viwili.

Alasiri akaniita nyuma ya nyumba. Akafungua kiganja. Palikuwa na chembe za mchanga na uzi mmoja wa kumvi.

"Hichi nini?"

Machozi yalikuwa yamenijaa hata nikaziona kumvi mbili.

"Sikuulizi kwa nini," akasema. "Kwa nini naijua. Mama yako usimwambie, na mtu mwengine usimwambie. Hino ni siri yangu na yako." Akazipukuta zile chembe, akenda zake.

Pikipiki halikuwaka tena. Kiunzi alichukua mtu akafanya mkokoteni. Baba aliendelea kupanda gari la abiria kwenda Konde na kurudi mpaka mvi zikamjaa, na mara mbili alifika kwenye ugonjwa akiwa amechelewa; mara moja ilikuwa ni ugonjwa wa Mama. Nilijua nani aliyemchelewesha.

Lakini nisikilizeni, na mnihukumu mkitaka. Pamoja na toba yote, siri ile niliipenda. Raya alikuja kusoma skuli Chake, akakaa kwetu miaka minne, akapendwa na kila mtu, hata na Mama. Mimi kila wivu uliponibana, nilijiambia: sawa, lakini hana siri na Baba. Hicho ndicho kitu pekee ambacho hakikukatwa katika jora moja. Niliolewa nacho, nikazaa nacho, nikazeeka nacho.

Baba alipofariki tulimzika Konde. Baada ya khitma, mimi na Raya tulikaa chumbani kwa Bi Sada tukikunja nguo za Baba za kutolewa sadaka. Tulikuwa wanawake wenye wajukuu. Nikaona hapana tena wa kumficha, nikamwambia yote: mchanga, kumvi, Ijumaa. Nilimwomba radhi, na nililia kweli. Lakini Mungu ananijua, ndani ya machozi yale palikuwa na majivuno. Nilitaka ajue kuwa Baba aliniwekea kitu mimi peke yangu.

Raya hakuacha kukunja. "Najua, dada," akasema.

"Wajuaje?"

"Baba kanambia. Siku ile ile, magharibi. Kanambia, nduguyo ndiye aliyeharibu, na kosa langu mie niliyekushindanisheni. Kanambia, mama yako akilijua hili nyumba mbili hizi hazitasemezana tena, na nduguyo akijua kuwa wajua hatakutazama usoni. Basi weye ndiye nakuachia uitunze. Hino ni siri yangu na yako." Akalainisha shingo ya kanzu kwa kiganja. "Nami sikumwambia mtu."

Alikuwa na miaka tisa. Usiku ule alirudi kulala kitandani kwangu, nami nikampa mgongo, na yeye akajua kila kitu, akanifunika shuka. Kisha miaka minne ya skuli, chumba kimoja, nikimnunia, nikimficha mafuta ya nazi, na neno moja tu lilikuwa linatosha kuninyamazisha. Hakulitamka. Nyumba zile mbili zilikaa kwa salama miaka yote, na sisi wengine tukadhani ni kwa sababu ya khanga za jina moja.

Mtadhani kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa haya. Haya ilikuja baadaye. Cha kwanza kilikuwa wivu, mkali, mbichi, wa mtoto wa miaka tisa. Maana nilifahamu pale, nguo za marehemu zikiwa mapajani mwangu, kwamba Baba hakugawa sawa siku ile, wala hakuweza. Mimi alinisamehe. Raya, Baba alimwamini.